Hondohondo na Dawa ya Kunguni

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa mapeasi, sokoni Tanga, mwanamke mmoja wa pwani alipofungua tenga la baba yangu. Ndiyo, alifungua tenga, basi. Usicheke, mwanangu. Najua moyoni unasema mtu kufungua tenga la matunda kabla hajalinunua kuna ajabu gani. Sogeza kigoda karibu na moto, na hiyo simu yako iweke kando. Picha za buti nimeshaziona.

Nimeziona vizuri, macho yangu bado hayajanitupa. Buti nyeusi za mvua, na ubavuni ndege wetu mwekundu, hondohondo, na mdomo wake mkubwa vile vile kama alivyo kwenye chupa zako za jamu na makreti yako ya mapeasi. Chini yake jina letu. Ukaniambia, "Bibi, huyu bwana wa Dar ameomba asajiliwe ndege huyu kwa ajili ya buti zake. Wakili anasema tuna nafasi ya kupinga. Lakini mimi naona tumwache tu. Sisi tunauza matunda, yeye anauza buti. Kwanza anatutangaza bure."

Tumwache tu! Haya. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, kwa kinywa hiki hiki kilichobaki na meno ya kuhesabika, na kidogo yanikoseshe mume. Kwa hiyo leo utanywa chai yangu na utanisikiliza mpaka mwisho. Ukiwa na haraka, haraka yako ikusubiri nje na bodaboda wako.

Nyinyi mmekuta makreti ya plastiki, hamjui tenga lilivyokuwa na siri. Enzi zetu mapeasi yalishuka kutoka huku milimani kwetu Soni kwa matenga ya mianzi, marefu, yamefumwa mdomo kwa kamba. Mnunuzi anachoona ni yale ya juu tu, tena kwa kuchungulia. Na sisi wakulima, Mungu atusamehe, tulikuwa na ufundi wa kupamba. Juu unapanga mapeasi makubwa yanayong'aa, katikati ya wastani, na chini kabisa unasukumia yale madogo magumu kama mawe, na yaliyodonolewa na ndege. Kila mtu alifanya hivyo. Hata mzee wa kanisa alifanya, Jumatatu mpaka Jumamosi.

Watu wa mjini si wajinga. Walikuwa na dawa yao, nayo ni kumwaga. Mnunuzi anakata kamba kwa kisu, anamimina tenga zima juu ya gunia, anachagua anayoyataka, mengine anakuachia. Na peasi lililokaribia kuiva halitaki kumwagwa, mwanangu. Likigongwa leo, kesho lina doa jeusi, keshokutwa ni la nzi. Ukienda na matenga kumi ya watu wasiokuamini, ni kama umekwenda na matano.

Baba yangu, mzee Zefania, ambaye sisi nyumbani tulimwita Tate kwa Kishambaa chetu, hakuweza kuvumilia jambo hilo. Alikuwa mtu mpole wa sauti na mkaidi wa roho. Akaamua atapanga tenga lake mwenyewe, na ataanza na mapeasi mazuri chini. Majirani wakamcheka, wakamwambia, mgosi, yaani bwana wee, hao watu wa pwani hawatalala na kuota kwamba chini ni kuzuri. Basi akachukua kipande cha mti wa mpera, akachonga muhuri wa hondohondo, kwa sababu ndege hao walikuwa wakipita juu ya shamba letu kila jioni kurudi msituni, wakilia kama watoto wachanga wanaonyimwa ziwa. Akaugonga kwa wino mwekundu kwenye vipande vya kitambaa cha marekani, na mama akavishona mdomoni mwa kila tenga. Mama alilalamika kwamba sindano zinaisha, lakini akashona, na mimi nilipokua nikashona naye.

Haikuwa kazi ya msimu mmoja. Kwanza walimwaga, wakakuta chini kuzuri. Msimu uliofuata wakamwaga nusu. Baadaye wakawa wanatia mkono tu na kupapasa. Mpaka ikafika mahali mnunuzi wa Tanga hasemi tena "mapeasi ya Soni" wala "mapeasi ya Zefania". Anasema, "Nipe Hondohondo matatu," anajitwisha, anaondoka. Kamba hazikukatwa. Visu vilibaki viunoni. Hata kule Mnazi bondeni, watu ambao hawajawahi kumwona baba yangu kwa macho walikuwa wakimwambia mtu mkweli, "Wewe ni Hondohondo." Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mapeasi yetu yalikuwa yamekaa kitako, yanajiuza yenyewe.

Sasa alikuwepo kijana mmoja, Elisha, mwenye duka dogo pale Soni, njia ya kuelekea Bumbuli. Ndiye babu yako, yule wa kwenye picha ukutani, kwa hiyo usinikodolee macho ukingoja kujua kama nilimpata. Nilimpata. Ninachokusimulia ni jinsi nilivyokaribia kumkosa.

Elisha alikuwa mrefu, mcheshi, na mikono yake ilikuwa haitulii. Alikuwa ameotesha pareto kwenye kipande cha shamba huko juu kwenye baridi kali, anakausha maua yake, anayatwanga unga wa kuulia kunguni na viroboto. Na unga wenyewe ulikuwa mzuri, sisemi hivyo kwa kuwa alinioa. Ulikuwa ukiunyunyiza kitandani, asubuhi unaamka na ufagio tu, unazoa maiti. Lakini nani alimjua? Aliupanga mezani siku za gulio, watu wanapita wanauangalia kama majivu. Nilimwonea huruma mpaka nikawa nauchukua mimi na kuwapa mashangazi zangu, ambao hawakuwa na kunguni na walikasirika sana.

Basi siku moja akachukua kiazi kikubwa, akakikata katikati, akakichonga hondohondo. Wewe ulifanya hivyo shuleni, si ndiyo? Akachovya kwenye wino mwekundu, akagonga kwenye pakiti zake zote za karatasi. Dawa ya Kunguni ya Hondohondo. Hakufanya kwa ujanja, hilo nataka ulijue. Mshenga wake alikuwa ameshapanda nyumbani kwetu mara ya kwanza na kusikilizwa, na alikuwa apande tena Jumapili kuleta posa. Elisha akajiona tayari ni mtoto wa nyumba. Akaona kumbandika ndege wa mkwe kwenye dawa yake ni heshima.

Na mimi nilifurahi, weee! Nilipomwona yule ndege kwenye meza ya Elisha niliona kama tumeshaoana. Gulio lile unga ukaisha kabla ya adhuhuri. Watu walisema, "Kama ni ya Hondohondo, hao hawadanganyi," wakanunua bila hata kunusa. Wachuuzi wakabeba pakiti kwenye mikoba yao wakateremka nazo Mombo, na kutoka Mombo zikaenda zilikokwenda. Baba alipita pale mezani. Akaichukua pakiti moja, akaigeuza, akairudisha mahali pake.  Baba alikuwa mtu wa kukaa na neno mpaka liive.

Siku chache baadaye tukashuka Tanga na mzigo, mimi na yeye, na hiyo ndiyo asubuhi ninayoikumbuka. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa mama mmoja anaitwa Mama Saidi, mjane, mwenye meza ya matunda iliyomlisha yeye na wajukuu zake. Alikuwa akichukua matenga yetu tangu mimi sijajua kuvaa kanga. Siku hiyo akatupokea kwa salamu zake nyingi za pwani, habari za baridi, habari za mama, kisha akalisogelea tenga la kwanza, akasimama.

"Zefania, ndugu yangu," akasema, "nifungulie hili nione ndani."

Baba akadhani ni utani. "Ndani mna mapeasi, Mama Saidi. Leo umesahau?"

"Sijasahau. Lakini juzi mwanangu kaniletea dawa ya kunguni, ina ndege wako huyu huyu. Nimelala nikiwaza. Dawa na matunda mnaviweka chumba kimoja? Mnatumia magunia hayo hayo? Mie nalisha wajukuu, Zefania."

"Dawa hiyo si yangu."

"Si yako, na ndege wako?"

 Mama Saidi akaazima kisu kwa jirani, maana yeye alikuwa hana, alishaacha kubeba kisu kwa ajili yetu. Akakata kamba. Akatoa peasi la juu, akalinusa. Akatoa la pili akalinusa. Halafu akaniangalia mimi kwa aibu, kwa sababu alinipenda yule mama, akainamisha uso na kulimimina tenga lote juu ya gunia.

Wenzake wa meza za jirani wakaona. Kama Mama Saidi anamwaga Hondohondo, sisi ni nani? Wakaja na visu. Yote yakamwagwa, mwanangu. Hawakukuta hata peasi moja bovu, hata harufu ya dawa hawakuisikia. Wakanunua, sikudanganyi, lakini wakachagua, na yaliyobaki yakawa yamegongana mpaka yanasikitisha. Nilimwona baba yangu amechuchumaa chini ya mkokoteni wa mtu anaokota mapeasi yaliyobiringika, anayafuta vumbi kwa shati lake moja baada ya jingine, na mikono imejaa vumbi. Mpaka leo nikikumbuka mikono ile nalia. Usinipe leso, ninayo.

Na unajua nilimkasirikia nani? Nilimkasirikia Mama Saidi. Nilimwona mswahili wa maneno mengi, mwenye kutafuta sababu. Ujana ni moshi, na mapenzi ukiyaongeza hapo unakuwa huoni hata pua yako.

Tulipanda lori kurudi, tumekaa nyuma juu ya matenga matupu. Tulipoiacha Mombo na kuanza kupanda kona, ndipo baba akalitoa neno lake. Akasema posa ya Jumapili haitapokelewa. Mshenga asipande.

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya mto. Nikasahau adabu. Nikamwambia, "Tate, Elisha kakukosea nini? Yeye hauzi mapeasi! Anauza dawa ya kunguni. Hajakuchukulia mteja hata mmoja, hajakuibia peasi hata moja. Si umwache tu?"

Baba hakupandisha sauti. Nilitamani apandishe. Akasema, "Ni kweli, hakuniibia peasi. Angeiba mapeasi ningemsamehe, mti unazaa tena. Unadhani pale Tanga tunauza nini?"

"Mapeasi."

"Mapeasi yako kila mlima. Sisi tunauza kutofungua. Nimekuwa nikimfundisha mama yule asifungue tenga langu tangu wewe unatambaa, na alijifunza, hata kisu akaacha kubeba. Leo kaazima kisu. Na wewe unaniuliza nimechukuliwa nini?"

"Lakini dawa yake ni nzuri, Tate. Watu wote wanaisifu."

"Ni nzuri leo. Mimi siioteshi, siikaushi, siitwangi. Kesho akichanganya vibaya ikamchoma mtoto wa mtu mgongo, nani atatukanwa? Ndege. Na ndege ni mimi. Amenifanya mdhamini wa kitu ambacho hakipiti mikononi mwangu, wala hakuniuliza. Na hata isimchome mtu milele, binti yangu, umeona mwenyewe. Mtu akilisikia jina hili zamani alikuwa anaona peasi. Sasa anaona peasi na kunguni. Wewe utakula peasi lililokaa na kunguni?"

 Nilitazama miti inavyopita na nikalia kimya kimya mpaka Soni, kwa kuwa nilimpenda Elisha na nilijua baba yangu akishasema haitapokelewa, haipokelewi.

Elisha alikuja nyumbani mwenyewe, kesho yake. Kasimama mlangoni kofia mkononi. "Shikamoo, mgosi."

Baba akaendelea kunoa panga. Hakuitika. Mwanangu, huku kwetu unajua uzito wa shikamoo isiyoitikiwa. Mama jikoni alishusha sufuria. Mimi nilitamani ardhi inifunike.

"Shikamoo, baba," Elisha akarudia.

"Huyo ndege uliyempiga kwenye pakiti zako," baba akasema, "umempata wapi?"

Elisha alikuwa na kiburi cha vijana, na alishaumia kwa habari ya posa. Akajibu, "Hondohondo ni ndege wa msituni, mgosi. Hana mwenyewe. Kila jioni anapita juu ya nyumba yangu kama anavyopita juu ya yako."

Niliona ni jibu kubwa sana. Nikasema moyoni, hapo Tate umeshikwa.

Baba akaliweka panga chini. "Anayepita juu ni wa Mungu, na mimi sijawahi kumdai. Mfuge ukiweza. Lakini huyu mwekundu wa kwenye tenga hakutoka msituni. Huyu nimemlisha mimi, kwa mapeasi ya chini ya tenga, yale ambayo hakuna mtu angeyaona kama ningedanganya. Kabla ya hapo alikuwa mchoro tu. Wewe ulimkuta ameshanenepa." Kisha akasema kwa upole zaidi, "Unga wako ni mzuri, Elisha. Nimeujaribu. Kwa nini unauvalisha nguo ya mtu? Cha kuazima hakisitiri matako. Upe jina lake, uache uteseke kidogo, utakua."

Elisha aliondoka bila kunywa chai, na kwetu kuondoka bila chai ni maneno mazito. Siku zilipita. Posa haikuja. Na yeye hakuacha, tena watu walimtia maneno, wakamwambia hakuna jumbe wa ndege, mzee Zefania ana wivu tu, wewe piga muhuri wako. Biashara yake ilikuwa imechangamka, kwa nini aache? Nilikonda kwa ajili ya mtu yule. Mama alinipikia ugali wa bada na maharage niliyoyapenda, nikawa nayasukuma tu pembeni ya sahani.

Sasa sikiliza kilichombadilisha, maana si machozi yangu wala maneno ya baba. Mchuuzi mmoja wa ugoro, wa upande wa Mlalo, aliona jinsi unga wa Elisha unavyokwenda. Naye akasema moyoni, kumbe ndege huyu hana mwenyewe. Akachonga kiazi chake. Ugoro wa Hondohondo! Na ule ugoro, jamani, sijui aliutia majivu ya nini. Gulio lililofuata mzee mmoja mwenye hasira akaingia dukani kwa Elisha, pua imefura kama nyanya, anapiga meza kwa fimbo.

"Wewe kijana, ugoro wako umenitoa damu!"

"Mzee wangu, mimi siuzi ugoro."

"Huuzi? Na ndege huyu kwenye pakiti zako ni wa nani?"

"Wa ugoro ni wa mtu mwingine, mzee. Si wangu."

"Si wako, na ndege wako?" Na watu waliokuwa wamekuja kununua dawa ya kunguni wakarudisha pakiti mezani, mmoja mmoja, wakatoka.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimepita pale nikijifanya natafuta chumvi. Niliona uso wa Elisha ukibadilika, kama wa mtu anayepokea kwa wakati mmoja habari yake na ya mwenzake. Alikaa juu ya gunia. Akaniuliza, "Hivi ndivyo mzee alivyoulizwa Tanga?" Nikamwambia, "Kwa maneno hayo hayo." Akasema, "Yeye alikuwa na miaka mingi ya kupoteza. Mimi nina wiki chache, na inauma hivi."

Kile kiazi alimtupia mbuzi. Mbuzi akakinusa, akakikataa kwa ajili ya wino. Pakiti zilizobaki alizifungua zote, akamimina unga kwenye debe, akachoma karatasi. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Mzigo wetu uliofuata ulipokuwa unapakiwa, alikuja akapanda lori bila kukaribishwa, akakaa nyuma na mimi na matenga, na baba mbele akajifanya hamwoni. Pale Tanga akamwendea Mama Saidi mbele ya meza zote, akasema, "Shikamoo mama. Mimi ndiye wa dawa ya kunguni. Huyu mzee hakujua, wala hajawahi kuigusa. Ndege yule nilimchukua kwake bila kumwomba. Dawa yangu haina ndege tena."

Mama Saidi alimwangalia kuanzia kofia mpaka miguu. "Marahaba. Umefanya vizuri kuja, baba," akamwambia. "Sasa shika kisu, nifungulie hilo tenga." Na akalimwaga. Nazi mbovu harabu ya nzima, na harabu ikishaingia haitoki kwa siku moja. Elisha mwenyewe ndiye aliyechuchumaa safari hiyo kuokota mapeasi chini ya mikokoteni.

Tuliporudi, alipopita mlangoni akasema shikamoo, na baba akaitika. Marahaba moja tu, fupi. Mimi niliingia jikoni nikamkumbatia mama mpaka mwiko ukamwanguka. Wakaenda wote wawili Mlalo kumkabili yule wa ugoro, naye alibisha sana, ikabidi wazee wa kanisa na wa msikiti wakae naye, lakini mwishowe aliacha. Elisha akaipa dawa yake jina la Kinyonga. Watu walimcheka, kinyonga na kunguni wapi na wapi, tena mwendo wake! Akasema ndio mwendo anaoutaka. Ikatembea polepole hivyo hivyo, msimu hadi msimu, mpaka mabweni ya shule mbalimbali yakawa yanaagiza Kinyonga kwa jina. Wewe umesoma kwa jasho la Kinyonga huyo, mwanangu. Hata karo ya mama yako ilitoka kwenye unga ule.

Na siku ya harusi yetu, watu wameshakula wameshiba, baba akasimama na ule muhuri wa mti wa mpera mkononi. Akasema, "Elisha, sasa wewe ni mtoto wa nyumba hii. Kwa ridhaa yangu, mbele ya watu, ukitaka mtie ndege huyu kwenye dawa yako."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilimkanyaga Elisha mguu chini ya meza, apokee haraka. Babu yako akasimama, akapokea muhuri kwa mikono miwili, akautazama, akageukia upande wangu na kuuweka mapajani pangu. Akasema, "Ahsante, baba. Huyu ampokee binti yako, ndiye aliyeshona matenga na mama yake. Mimi sijawahi kumlisha."

Baba yangu hakuwa mtu wa kulia. Siku hiyo alilia mpaka akatafutiwa taulo.

Mama Saidi alichukua misimu kadhaa kabla ya kuacha tena kisu nyumbani. Siku alipojitwisha Hondohondo la kwanza bila kulifungua, baba alirudi milimani anaimba kwenye lori, na sauti yake ilikuwa mbaya sana.

Sasa nakwambia neno langu, na ulishike. Nyinyi mna bahati, mna sheria. Wakili wako amekueleza kwamba alama ikishajulikana na watu wengi, hailindwi kwa mapeasi tu, hulindwa hata kwenye bidhaa isiyofanana nayo, kwa sababu mtu akimwona ndege atadhani ni sisi. Sisi hatukuwa na kitu cha namna hiyo, tulikuwa na ukaidi wa baba yangu tu. Nafasi hiyo uliyopewa ya kupinga usiiache ipite. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo ni buti. Ukinyamaza, kesho ni sigara, keshokutwa ni godoro, na siku moja mtu ataona hondohondo asikumbuke kitu chochote, kama alivyokuwa mchoro tu kabla ya baba. Usiniambie buti zake ni imara. Labda ni imara. Wewe hujazishona. Zikipasuka kwenye tope la Mnazi, mtu atasema Hondohondo inavuja, na hapo utamwambia nini, si yangu? Atakuuliza, na ndege wako?

Lakini kabla ya wakili, nenda wewe mwenyewe Dar. Msalimie huyo bwana kwa heshima, kaa naye, kunywa chai yake. Huenda naye amependa tu, kama Elisha. Mwambie buti zake zikiwa nzuri azitafutie jina lake, nchi hii ina ndege wengi na wanyama wengi. Akikataa, basi mpinge bila kupepesa macho.

Na wewe nawe. Unafikiri sijasikia? Unataka kununua jamu ya watu huko mjini na kuibandikia ndege wetu, kwa sababu msimu huu mapeasi ni machache. Mwizi wa nje una wakili wa kumzuia. Mwizi wa ndani utamzuia nani? Usimweke hondohondo juu ya kitu ambacho mikono yako haijui kilichoko chini yake. Msimu ukiwa mdogo, uza kidogo.

Haya, nipe mkono. Huu ndio muhuri wenyewe, mdomo wake umeliwa kidogo na wino, lakini ni yeye. Nilikuwa naungoja umri wako, na leo nimechoka kungoja. Mungu wa baba zetu akubariki, mwanangu. Akupe mvua ya wakati wake na jua la wakati wake. Akupe mapeasi mazuri mpaka chini kabisa ya tenga, na akupe watu wanaokuamini hata wakaacha visu vyao nyumbani.